Walichoacha Sahanini

Oktoba 4

Chumba kiko ghorofa ya tatu na dirisha lake linatazamana na ukuta. Nimemwambia mwenye nyumba kwamba ukuta si mandhari. Akanijibu, "Lakini hauvuji." Mama huyu tutaelewana.

Mvua ilianza jana. Wanasema itanyesha mpaka Desemba. Ruhusa yangu ya kukaa nchini humu inakwisha Desemba 12, kwa hiyo mimi na mvua tuna mkataba mmoja.

Niandike kilichonileta kabla sijaanza kukipamba. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, yuko katika jiji hili. Alikuja miaka sita iliyopita. Akamwandikia mama barua kumi na tisa, kisha miaka miwili iliyopita akanyamaza. Anwani yake ilikuwa sanduku la posta ambalo sasa ni la mtu mwingine. Ubalozi wetu ulinipa fomu, halafu ukanipa fomu ya kulalamikia fomu.

Mama hajui kusoma. Barua zote kumi na tisa nilimsomea mimi, na mimi husoma kama mhariri: pa kuruka naruka. Sasa macho yake yameingia ukungu. Mwezi uliopita alinishika mkono akaniambia, "Miaka ishirini unawapigia kelele mawaziri. Nenda kamtafute mwenzio." Nikamuuliza nikimpata nimwambie nini. "Usimuulize kazi. Usimuulize kwa nini haandiki. Muulize kama anakula."

Hilo ndilo swali alilompelekea katika kila jibu. Anakula? Ndiyo sababu barua za Kitinda hazina mtaa wala namba ya nyumba, zina vyakula tu. Samaki wa nyuma ya karakana za treni. Supu ya maharage karibu na kiwanda cha uchapaji. Mkate wa mahali penye ngazi saba. Alisema ni karani katika ofisi ya meli na kwamba kila mchana hula nje na wenyeji.

Basi, barua hizo ndizo ramani yangu. Nitatembea kwa miguu na kula kila alipokula, mpaka nimpate mtu anayeijua picha yake.

Oktoba 5

Mvua. Nimepotea mara tatu. Nimekula mkate nimesimama, kama farasi.

Oktoba 8

Nimeiona nyumba ya samaki. Iko hasa pale alipoandika, nyuma ya karakana, kati ya fundi wa betri na duka la kamba. Meza kumi na mbili, vitambaa vya plastiki, moshi kwenye dari. Wanaokula ni makuli na makarani, na hakuna anayekutazama usoni mpaka amalize. Mji nauelewa hivyo, kwa sahani. Wanaozunguka na vitabu vya wageni, wakipiga picha minara, watarudi kwao wakijua minara.

Kitinda aliandika: "Mama, hapa samaki humkaanga mzima. Lakini watu wa huku kichwa hawakigusi, na ngozi huivua wakaiweka pembeni kama mtu aliyevua koti." Kweli tupu. Jirani yangu wa meza aliivua ngozi, akaikunja, akaiweka ukingoni. Nilitabasamu peke yangu kwa fahari. Kijana wetu ana jicho la mwandishi.

Mhudumu ni mtu mwenye upara na mkanda uliopanda mpaka kifuani. Nikamwonyesha picha.

"Simjui."

"Itazame vizuri."

"Mama, nina miaka kumi na mmoja hapa. Mtu akila hapa mara mbili, najua mpaka anavyokohoa. Huyu hajawahi kukaa kwenye kiti changu."

"Basi kumbukumbu yako ni mbovu."

"Na samaki wako anapoa," akasema.

Oktoba 9

Viatu havikauki. Mwenye nyumba amenifundisha kuvijaza magazeti. Gazeti nililonalo ni letu tu, nakala nilizobeba zenye makala zangu. Usiku huu hoja zangu zinanyonya maji ya viatu. Kazi yao ya kwanza yenye faida ya moja kwa moja.

Oktoba 13

Nimepiga simu nyumbani. Baba watoto ni mwalimu wa hesabu, hawezi kutoa habari isipokuwa kwa orodha. Moja, bomba limepona. Mbili, mama anakula vizuri. Tatu, panya wamegundua boksi la matusi, je, alichome?

"Thubutu!" nikamwambia.

Boksi la matusi liko chini ya kitanda chetu. Ndimo ninamoweka barua za wasomaji zenye stempu za ng'ambo. Sizifungui. Miaka miwili iliyopita niliandika makala iliyoitwa "Mikono ya Kukodi", juu ya vijana wetu wanaokimbilia nchi za watu, na wiki iliyofuata posta ilinimwagia gunia. Nilifungua barua tatu, zote za kunitukania ukoo, nikatupia zilizobaki boksini na kulibandika lebo. Tangu hapo yeyote aliyeniandikia kutoka nje aliingia humo akiwa amefungwa. Hata kwenye mikutano hutamba nalo. Nasema: wengine wana vikombe kabatini, mimi nina boksi.

Mama akaletewa simu. "Umempata?"

"Bado. Lakini nimekula alipokula."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hakupata jibu.

Oktoba 17

Supu ya maharage. Nilipotea, nikatembea saa mbili kuifuata, mto wa maji machafu unapita katikati ya barabara na watu wameweka matofali ya kukanyagia. Aisifuye mvua imemnyea. Mimi siisifu.

Barua ya saba: "Supu yao ni nzito, mama, ungeipenda. Ila kila mtu huacha kijiko kimoja chini, sijui ni adabu au ni mchanga." Nilikunywa yangu yote. Ni mchanga.

Picha: hawamjui. Mpishi, muuza tiketi aliyekuwa akila, mama wa kaunta, wote hawamjui. Mzee mmoja mwenye koti la mvua akasema bila kualikwa, "Watu wenu wanakuja wengi, wanapotea wengi." Nikamwambia kwamba watu wetu si sindano. Akasema hakuwa na maana mbaya. Nikamwambia maana njema huwa haihitaji kutetewa. Nilimshinda kabisa, akaondoka akiacha supu nusu.

Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipofikiri kwamba labda alitaka kuniambia wanapotelea wapi.

Oktoba 18

Mafua.

Oktoba 19

Mafua. Mwenye nyumba ameniletea maji ya moto na chumvi, na ushauri: "Mtu wako kama hataki kuonekana, mwache." Nimemjibu vibaya.

Oktoba 25

Mahali penye ngazi saba. Mkate wa moto, mchuzi mwekundu. "Wanakula katikati wanaacha ukingo, mama, kila meza kingo tupu kama midomo." Hawamjui.

Mdogo wangu kala mji mzima na hakuna aliyemwona akitafuna.

Oktoba 30

Ngazi saba tena. Samaki tena. Mwenye upara ameniona akanyanyua mikono kabla sijatoa picha.

Nimeanza kumkasirikia Kitinda. Najiuliza kama aliniandika mimi na mama katika orodha ya mambo ya kuacha. Mtu anayejua kueleza ukingo wa mkate anashindwaje kuandika "nipo"? Ndivyo nilivyosema katika makala ile, na nasema tena: anayeosha sahani za ugenini huku sufuria la mama yake limeota kutu, huyo si msafiri, ni mtoro. Sikumlenga yeye, yeye ni karani. Lakini ukimya wake ni wa ukoo huohuo.

Novemba 3

Mvua, mvua, mvua. Magazeti ya viatuni yamekwisha, nimeanza kurarua la jana.

Novemba 9

Leo nimesoma barua zote upya, kwa mfululizo, nyumba ya samaki, meza ya pembeni, karibu na kidirisha cha jikoni. Nilizisoma kama ninavyosoma kitabu cha mtu nisiyempenda, nikitafuta mwanya.

Mwanya nilioupata ni huu. Katika barua kumi na tisa Kitinda hakuandika hata mara moja chakula kina ladha gani. Hakuna chumvi, hakuna pilipili, hakuna moto wala baridi. Kuna ngozi iliyowekwa pembeni. Kuna kijiko kimoja chini. Kuna kingo za mkate. Kila anachokieleza ni kile ambacho watu wamekiacha.

Nikatazama sahani yangu. Anayekula huona sahani moja. Nani huona sahani za kila mtu, na huziona baada ya watu kuondoka?

Mwenye upara akapita na mzigo wa sahani, akausukuma kidirishani. Mikono miwili ikatoka ndani ikaupokea. Mikono tu, myekundu, imevimba vidoleni. Kidirisha kiko usawa wa kifua. Uso hauonekani.

Barua ya kumi na tano ina sentensi ambayo sikumsomea mama. "Mikono inachunika kidogo, ni hali ya hewa ya huku." Niliiruka. Niliona haina uzito.

Nimekula katika mji huu wiki tano, na wiki zote tano nimekaa upande usio wake.

Novemba 10

Nitaandika yote, kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi niliingia uchochoro wa nyuma ya nyumba ya samaki. Mapipa, maji yenye mafuta, mlango wa chuma ulioachwa wazi kwa sababu ya mvuke. Mwanamke wa umri wangu alikuwa amekaa juu ya kreti, aproni ya plastiki mpaka miguuni, akibadilisha plasta za vidole. Ndani mwanamume akapiga kelele, "Mtoro! Maji ya moto yamekwisha!" Alisema kwa lugha ya kwetu. Nilisimama. Wiki tano sikuwa nimeisikia isipokuwa kwenye simu.

"Shikamoo dada," mwanamke akasema bila kuinuka. "Choo cha wateja ni upande wa mbele."

"Marahaba. Sitafuti choo. Namtafuta mtu."

Uso ukafungwa. "Wewe ni wa uhamiaji?"

"Wa uhamiaji angevaa viatu hivi?"

Akavitazama, akacheka. "Hivyo vinakunywa kuliko mlevi." Baadaye nilijua wenzake wanamwita Bi Povu.

Nikampa picha. Alifuta mikono kwenye aproni, akaona haitoshi, akaifuta tena kwenye gauni ndani ya aproni, ndipo akaipokea.

"Profesa," akasema. Akaita ndani, "Mtoro, njoo uone! Profesa alikuwa na nywele!"

Nilisikia nywele. Sikusikia alikuwa. Nilifurahi kiasi kwamba nikaanza kuuliza mambo ya kipuuzi, kwa nini Profesa, kwa nini mnaitana watoro.

"Profesa kwa sababu anasoma gazeti akiwa ameshika sahani. Na watoro, ingia uone mwenyewe."

Ndani kuna sinki tatu za bati. Ya katikati ilikuwa yake. Juu yake ukutani kuna mfuko wa plastiki uliobandikwa kwa utepe pande nne ili mvuke usiingie, na ndani ya mfuko kuna kipande cha gazeti. Sikuhitaji kusogea. Kile kichwa cha habari nilikichagua mimi, na nilimgombeza mpanga kurasa ili akikuze.

Bi Povu hakukitazama. Alikuwa amekigeuzia mgongo, akiloweka sufuria, na alisema kwa moyo kama mtoto anayesoma darasani: "Anayeosha sahani za ugenini huku sufuria la mama yake limeota kutu, huyo si msafiri, ni mtoro." Yule mwanamume akaitikia, "Amina," wote wakacheka.

"Aliileta Profesa," akasema. "Kuna mzee kituoni anauza magazeti ya nchi za watu, yanafika yamechelewa mwezi mzima. Tukadhani atalia. Akasema, 'Jamani, tumepata cheo.' Tangu siku hiyo sisi ni watoro. Yeye mtoro mkuu."

"Alicheka?"

"Mchana alicheka."

"Yuko wapi?"

Akafunga bomba. Nilisikia dari ikidondosha.

"Dada, wewe ni nani wake?"

"Niambie kwanza."

Akaniambia. Glasi ilipasuka ndani ya povu. Ndani ya povu huoni kitu, unajua maji yakibadilika rangi. Akafunga kitambaa, akaendelea kuosha kwa sababu ilikuwa saa ya chakula. Siku ya tatu mkono ukaumuka kama mkate. Siku ya tano homa. Wakamwambia hospitali, akasema hospitali wataomba karatasi, na karatasi zake zilikuwa za jina la mtu mwingine. Siku ya nane hakuwa na nguvu ya kukataa, wakambeba.

"Wakampokea," Bi Povu akasema. "Hawakuomba karatasi, dada. Hakuna aliyeuliza. Siku nane alikuwa anaogopa swali ambalo hakuna aliyekuwa nalo. Lakini sumu ilikuwa imeshapanda kwenye damu. Alikufa kesho yake asubuhi, mimi nikiwa hapa, nimeshika sahani."

Ilikuwa Novemba iliyopita. Mwaka mzima.

"Kwao hamkupeleka habari?"

"Kwao hatukupajua. Alisema mama yake hajui kusoma, na kwamba yeye hataki tena kumsumbua anayemsomea. Kwenye vitu vyake tulikuta makala tu, za mama huyuhuyu wa ukutani, kila aliyoandika, karibu mia, amezikata kwa mkasi zimenyooka. Tukasema, huyu ana jina, akiweka tangazo gazetini wenyewe watajua. Tukamwandikia. Wote saba tukatia sahihi, na picha ya kaburi tukaweka. Hakujibu." Akatikisa mabega. "Watu wakubwa wale."

Miaka ishirini nimejibu kila mtu.

"Mama huyo ni mimi," nikasema. "Na Profesa ni mdogo wangu."

"Hapana," akasema. Hakusema kwa kushangaa. Alisema kama mtu anayerudishiwa sahani ambayo ameshaiosha.

Mwanamume akatazama ukutani, akanitazama mimi, akatazama sakafu. Bi Povu akafungua bomba. Akaosha sufuria nzima, ndani na nje, akaisuuza, akaipindua. Kisha akasema, "Toka, dada. Sakafu ya hapa inateleza."

Novemba 11

Sikutoka chumbani.

Novemba 12

"Lifungue boksi," nikamwambia baba watoto. "Tafuta bahasha yenye stempu za hapa. Desemba ya mwaka jana."

Nilisikia akilivuta chini ya kitanda, karatasi zikichakuliwa. Alikaa muda mrefu.

"Moja ipo," akasema. "Panya hawajaigusa."

"Soma."

"Mama watoto..."

"Soma yote. Usiruke."

Akasoma kwa sauti yake ya darasani, nikaiandika ukutani mwa kichwa changu:

"Kwa mwandishi. Sisi ni waosha vyombo saba. Hatukuandikii kukutukana. Mwenzetu amefariki na jina lake la kweli hatulijui. Alipenda maandishi yako kuliko sisi tulivyoyapenda. Tunaomba utangaze, huenda mama yake yuko huko anangoja. Picha yake hatuna, ya kaburi tumeiweka humu. Namba ni 311. Ukitangaza, tafadhali usiandike kazi yake."

Baba watoto alimaliza, akasema, "Mimi ndiye niliyeliwekea boksi lile kifuniko, kwa ajili ya vumbi."

Novemba 15

Bi Povu alikuja mlangoni kwangu asubuhi. "Sikuja kwa ajili yako," akasema. "Kaburi halionekani bila mtu wa kukuonyesha."

Tulitembea. Tulipita karakana, kiwanda cha uchapaji, ngazi saba, nikaona kwamba sehemu zote za barua ziko kwenye barabara moja. Kitinda alikuwa akitoka sinki moja kwenda nyingine. Jiji lote alilomweleza mama ni barabara ya nusu saa, na aliijua kwa milango ya nyuma.

Makaburi yako mwisho wa mji, udongo mwekundu, vibao vyenye namba vimelala kwa mvua. Lake lina sahani. Waliichukua kutoka nyumba ya samaki, nyeupe, wakaishika kwa saruji upande wa kichwa na kuandika PROFESA kwa rangi ya mlango. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa ndani yake.

Nilitaka kusema kitu. Bi Povu akaniwahi. "Usihutubie."

Nikainama, nikayamwaga maji kwa kiganja. Sahani ikajaa tena tukiwa bado tumesimama.

Novemba 16

Nimemwambia mama. Baba watoto alimshikia simu sikioni, nami nikasema kwa maneno machache, bila kupamba, kazi, mkono, siku nane, boksi. Yote.

Hakulia. Akauliza, "Wangapi walimzika?"

"Saba."

"Walikula?"

Sikuelewa.

"Watu waliomzika mwanangu," mama akasema polepole, kama anayesema na mtu mgumu wa masikio, "walipotoka makaburini kuna mtu aliwapa chakula?"

"Walirudi kazini, mama. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Waliosha vyombo."

"Basi hujamaliza kilichokupeleka," akasema, na simu ikarudi kwa baba watoto.

Novemba 19

Nimemkabili mwenye upara. Miaka minne, nikamwambia, miaka minne ulimpa sahani mkononi, na ukaniapia humjui.

Hakujitetea. Alinipeleka kidirishani, akasimama, akanionyesha panapofika macho yake. "Naona mikono tu, mama. Wewe umeniletea picha ya uso." Halafu akasema, "Ungeniletea picha ya mikono, ningekwambia siku ile ile. Na kwamba mikono hiyo haiji tena, hilo nililiona."

Nilikuwa na jibu. Nimelimeza.

Novemba 21

Mhariri ameletewa habari, anataka makala ya majuto, maneno elfu moja, ukurasa wa mbele. Nimemwambia aweke tangazo la kifo, mistari minne, na jina lake la kweli. Akauliza, na kazi? Nikasema usiandike.

Novemba 24

Jumatatu ya mwisho ya mwezi nyumba ya samaki hufungwa. Mwenye upara alimwomba mwenye hoteli, naye akakubali, mradi tutumie mlango mmoja na tusipige kelele. Nikachagua mlango wa mbele.

Walikuja wote saba saa saba mchana. Wawili walipita uchochoroni kwa mazoea, ikabidi waitwe. Walisimama katikati ya meza bila kujua wakae wapi. Mmoja alianza kukusanya vijiti vya meno vilivyobaki jana. Bi Povu alivaa gauni la kijani, na vidole vyake havikuwa na plasta. Hakunisalimia. Alikaa, akalipapasa kiti kwa mkono, akasema, "Kumbe kina mto."

"Miaka yote nafikiri ni ubao," mwingine akasema.

"Wewe unajua makalio ya wateja, viti utavijulia wapi!"

Wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka wamekuja kwa nini.

Mwenye upara alihudumu: samaki wa hapo, na supu ya maharage na mkate wa ngazi saba nilivyoagiza. Mimi sikukaa. Nilikwenda nyuma, nikafunga aproni, nikasimama kwenye sinki ya katikati, makala yangu ikiwa mbele ya pua. Maji ni ya moto kuliko nilivyofikiri. Dawa inaingia kwenye kila mkwaruzo, hata ule usioujua. Nilivunja bakuli moja, nikabaki nimeduwaa nalitazama povu, nikiogopa kuingiza mkono.

Sahani zikaanza kurudi kidirishani. Nilizisubiri kama mtu anayesubiri barua. Ya kwanza haikuwa na ngozi. Ya pili haikuwa na kichwa, ilikuwa na vifupa viwili vyeupe, vimefyonzwa. Bakuli za supu zilipanguswa kwa mkate mpaka chini, mchanga wake wote. Hakukuwa na kingo za mkate. Sahani saba, bakuli saba, na hakuna aliyeacha kitu.

Ya mwisho haikuletwa na mwenye upara. Niliona mikono, wekundu wake naujua sasa, ikaisukuma sahani ikangoja niishike. Sauti ya Bi Povu ikaja kutoka upande wa pili, usio na uso.

"Mtoro. Badilisha maji, hayo yamepoa."

Nikabadilisha maji.

Jioni nilipiga simu. Mama aliichukua mwenyewe.

"Wamekula?"

"Wamekula, mama. Hawakubakisha."

"Vyombo aliosha nani?"

"Mimi."

Nilisikia kitu cha bati kikifunguliwa, kopo anamoweka zile barua.

"Haya," akasema. "Rudi nyumbani. Leo mumeo ataanza kunisomea upya, toka ya kwanza. Nimemwambia asiruke kitu."